Madam Aliyepiga Mawe Picha

Wote waliofanya kazi naye walimwita Madam. Hata wachimba mawe wa Endebess, ambao hawakuwahi kukaa mbele yake darasani, walimwita hivyo. Jina hilo lilimfuata kutoka shule ya upili alikofundisha fizikia kabla sijamjua. Kwao ni upande wa Bokoli, huko Bungoma. Zaidi ya hapo sijui mengi ya asili yake, na katika miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi chini yake sikuuliza, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda habari zinazoanzia mbali.

Maabara yake ilikuwa Kitale, chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vipuri vya trekta. Mlangoni hapakuwa na kibao. Ndani mlikuwa na msumeno wa kukatia mawe, meza yenye kioo kinene cha kusagia, pampu ndogo ya kufyonza hewa, hadubini yenye kamera juu yake, na kompyuta mbili. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza, ingawa ilinichukua karibu mwaka kuifanya vizuri. Mtu analeta kipande cha mwamba. Tunakiloweka katika gundi nyepesi yenye rangi ya buluu huku pampu ikifyonza hewa, ili gundi iingie katika kila tundu inaloweza kufikia. Ikikauka tunakata ubale, kipande chembamba kama karatasi nene, tunausaga juu ya kioo mpaka mwanga unapita. Chini ya hadubini jiwe linafanana na kitenge: punje za kahawia, nyeupe na kijivu, na katikati yake buluu. Kamera inapiga picha. Kompyuta inahesabu nukta za buluu dhidi ya nukta zote, na hapo unajua ni sehemu gani ya jiwe iliyo tupu. Kisha unapima shingo, yaani vijia vyembamba vinavyounganisha tundu na tundu, na kwa upana wake unakadiria kama maji yatapita upesi, polepole, au hayatapita.

Siku yangu ya kwanza hakunionyesha hata kimoja katika vyombo hivyo. Aliweka mawe mawili mezani. Moja lilikuwa jeusi, lile la Mlima Elgon lililojaa matundu kama mandazi yaliyoumuka kupita kiasi. La pili lilikuwa la rangi ya maziwa, laini, bila tundu lolote la kuonekana.

"Lipi litakunywa maji?" aliniuliza.

Nikagusa lile jeusi. Akachovya kidole katika kikombe, akadondosha tone juu ya kila jiwe. Kwenye jiwe jeusi tone lilikaa ndani ya shimo lake, liking'aa. Kwenye jiwe la maziwa lilizama kabla hajafuta kidole.

"Hili jeusi lina vyumba vingi," alisema, "lakini halina milango. Watu watakuja hapa kila siku wakiwa wamehesabu vyumba."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafundisho ya siku hiyo. Muda uliobaki alinituma nikafagie vumbi la msumeno.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia mno hata ukapoteza ladha: "Ukiona buluu, uliza inaenda wapi." Aliwaambia wateja, alimwambia mwenye duka la vipuri, na nasikia aliwahi kumwambia mchungaji. Nilipokuwa mgeni niliandika msemo huo kwenye karatasi nikaubandika juu ya kompyuta. Aliubandua siku hiyo hiyo. Alisema ukuta si mahali pa kufikiria.

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa mstari. Katika picha ya jiwe, buluu haikomi ghafla. Pembeni mwa kila tundu rangi hufifia, ikawa samawati, ikawa kijivu chenye samawati kidogo, na lazima mtu aamue ni wapi tundu linaishia na jiwe kuanza. Ukisogeza mstari huo kidogo, jiwe kavu linageuka kisima. Kompyuta ina namna ya kuuchora mstari peke yake, naye aliitumia, lakini hakuiamini bila shahidi. Kwa hiyo kila picha tuliichorea mstari mara mbili, yeye kwenye kompyuta yake na mimi kwenye yangu, tukiwa tumepeana migongo. Kisha tulilinganisha. Tukitofautiana sana, tulirudia. Tukikaribiana mno, alinitazama kwa shaka.

"Umechungulia yangu."

"Sijachungulia, Madam."

"Basi rudia kesho, ukiwa umelala."

Kwa sababu hiyo hakuwahi kumpa mteja namba moja. Alitoa mbili: ya chini na ya juu, na kusema ukweli uko mahali fulani kati yake. Wateja hawakupenda. Namkumbuka mtu mmoja wa Endebess, mwenye machimbo, aliyetaka karatasi ya kuonyesha kwamba mawe yake hayafyonzi maji, ili ayauze kwa ujenzi wa chumba cha kupozea maziwa. Mawe yake yalifyonza. Alikaa kwenye stuli yetu, kofia mapajani, akaangalia picha kwa muda mrefu kama mtu anayeonyeshwa kosa la mwanawe.

"Sasa Madam, si utoe tu hizo za buluu kidogo, bana," alisema. "Hizi za hapa pembeni. Hakuna mtu ataziona."

"Nizitoe nizipeleke wapi?"

"Ati wapi? Si ni picha tu."

"Ni picha ya jiwe lako. Nenda ukazitoe kwenye jiwe, kisha uniletee nilipige upya."

Alicheka, akaondoka. Wiki iliyofuata alituma jogoo wawili ndani ya kikapu. Madam aliwarudisha kwa gari lile lile lililowaleta, pamoja na barua fupi inayoeleza kwamba mawe hayo yanafaa sana kwa ukuta wa ndani. Baadaye nilisikia yule mtu aliyauza yote kwa ujenzi wa madarasa, na kila mwaka alipopita Kitale aliingia kutusalimu.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa mpangilio katika kila jambo. Alitangaza kwamba maabara hufunguliwa saa mbili, na yeye alifika saa nne. Aliandika hesabu zake nyuma ya bahasha, na bahasha nyingine alizitupa. Alipiga marufuku kula karibu na hadubini, lakini droo ya pili ya meza yake ilikuwa na njugu karanga mwaka mzima, na maganda yake niliyakuta mpaka ndani ya kasha la lenzi. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa isiyofuata wenzake. Alipiga mawe maelfu ya picha, ila yeye mwenyewe hakukubali kupigwa. Wageni wa serikali walipokuja kututembelea, alichukua simu ya mmoja wao akasema atawapiga yeye, na katika picha zote za siku hiyo mimi nipo, yeye hayupo.

Kubwa zaidi ni hili. Mtu aliyewaambia wengine wachimbe wapi alinunua maji ya kunywa. Kiwanja chake cha Kitale hakikuwa na kisima, na kila Jumatatu muuza maji alisimamisha mkokoteni wake langoni na kushusha mitungi. Ndani ya kabati la maabara palikuwa na kipande cha mwamba kutoka kiwanja hicho, kimefungwa kwa gazeti, kimeandikwa jina lake. Hakuwahi kukikata. Nilimwuliza kwa nini.

"La kwangu nitaliona zuri," alisema.

Nikajitolea kulipima mimi.

"Wewe pia. Unajua ni langu."

Nimefikiria sana kama hilo lilikuwa uadilifu au ukaidi. Sijaamua. Najua kwamba alikunywa maji ya mkokoteni miaka yote niliyomjua.

Sasa nifikie habari ya Bokoli, ambayo bila hiyo picha yake haikamiliki.

Kijiji kimoja cha huko kilikuwa na zahanati ndogo isiyo na maji. Kikundi cha akina mama kilichanga kwa muda mrefu ili kuchimba kisima, na mzee mmoja akatoa ardhi kwenye kiinuko, hatua chache tu kutoka mlango wa zahanati. Mtaalamu wa kwanza aliyetembeza vyombo vyake juu ya ardhi hakuwa na hakika. Akashauri watoboe tundu dogo la majaribio, wachukue mwamba wa chini, watuletee. Walituletea vipande vitatu, mviringo kama mishumaa, vimefungwa kwa kanga. Ulikuwa mwamba wa majivu ya kale ya mlima, ule uliogandamana ukawa jiwe.

Tulikata, tukasaga, tukapiga picha. Matundu yalikuwa mengi, lakini mengi yake yalikuwa matupu bila buluu, maana yake gundi haikuyafikia. Yaliyokuwa na buluu yaliungana kwa shingo nyembamba kuliko unywele. Vyumba vingi, milango hakuna. Madam aliandika kwamba mwamba huo hautarajiwi kutoa maji ya kutosha. Akina mama wakaamini. Wakachimba bondeni, karibu na barabara, na maji yakapatikana, si mengi. Kutoka huko hadi zahanati ni mlima. Kwa miaka miwili walipanda na mitungi kichwani, wagonjwa na wauguzi wakiwasubiri juu.

Kisha yule mzee akafa, na mwanawe akachimba pale pale kwenye kiinuko kwa ajili ya ng'ombe wake. Hakumwuliza mtu. Maji yakatoka kwa nguvu.

Mwenyekiti wa kile kikundi alikuja Kitale mwenyewe. Alikuwa mama mnene, mtaratibu.

"Mulembe, mayi," alimsalimu Madam kwa Kibukusu, yaani amani, mama.

"Mulembe."

"Ulituambia hapana maji pale."

"Niliwaambia hivyo."

"Maji iko. Ng'ombe wanakunywa. Mimi nimeonja."

Madam hakujitetea. Aliomba siku tatu. Mwenyekiti alipotoka, Madam alinituma kabatini kuleta mbale zote za Bokoli, na hapo ndipo nilipokumbuka.

Ubale wa pili ulikuwa na ufa pembeni kabisa, mstari mmoja uliokatiza jiwe kutoka juu hadi chini. Nilipopiga picha zile miaka miwili nyuma, niliona ufa huo nikadhani umesababishwa na msumeno, kama inavyotokea. Nyufa za msumeno hatuzihesabu. Badala ya kumwonyesha Madam niliikata pembe hiyo ya picha, ili ibaki safi. Yeye alichora mstari wake juu ya picha niliyompa mimi, na mimi nikachora wangu juu ya hiyo hiyo. Macho yetu manne yalitazama jambo lile lile lililopungua.

Aliweka ubale chini ya hadubini. Alikaa pale asubuhi nzima. Sikujifanya nina kazi nyingine. Mwishowe alisogeza kiti.

"Njoo uone."

Ufa ulikuwa na buluu ndani yake.

Hakuhitaji kunieleza, ila alieleza, kwa sauti ile ya darasani. Sisi hukata baada ya gundi kukauka. Ufa wa msumeno wetu usingeweza kuwa na buluu, kwa hiyo ulikuwepo kabla. Ungeweza kusababishwa na mtambo uliochimba, kweli, lakini kingo zake zote mbili zilikuwa na utando wa rangi ya kutu, na kutu haiji kwa siku moja. Maji yalipita pale miaka na miaka. Mwamba wenyewe haukuwa na milango, kama tulivyosema. Ulikuwa na mpasuko, na mpasuko mmoja ulitosha.

"Nilikata mimi," nilisema. "Niliona nikaikata."

"Najua. Picha hii ni fupi kuliko zingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimeijua leo. Ningeipima urefu wake siku ile, ningeijua siku ile."

Siku ya tatu tulikwenda Bokoli. Njia nzima alizungumza juu ya bei ya mbolea na dereva wa gari tulilokodi. Akina mama walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa zahanati, kama hamsini hivi, na muuguzi mmoja amesimama mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kusema sehemu yangu. Madam hakunipa nafasi. Alisimama, akaeleza kwa Kibukusu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya muuguzi, kwamba mwamba ulikuwa na ufa, kwamba ufa ulionekana katika jiwe walilomletea, na kwamba yeye hakuutazama.

"Nilikosea," alisema. "Karatasi ina jina langu."

Hakusema sisi. Nilisubiri aseme sisi.

Kisha mama mmoja mzee aliyekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, akauliza bila hasira:

"Na hii miguu yetu?"

Madam alimtazama. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba alikuwa akitafuta namba mbili, ya chini na ya juu, na hakuzipata.

"Kwa miguu sina jibu, mama," alisema.

Akakaa. Mwenyekiti alishukuru, akaomba, watu wakatawanyika. Hakuna aliyetukana, wala hakuna aliyetukaribisha chai, na watu wa huko hawamwachi mgeni aondoke bila chai.

Madam hakuacha jambo pale. Alimwendea yule mwenye ng'ombe kumwomba avute bomba mpaka zahanati. Mara ya kwanza alikataa. Alisema baba yake alitoa ardhi hiyo wakaikataa wenyewe. Mara ya pili hakutoka nyumbani. Mara ya tatu Madam alikwenda na karatasi ile ya zamani yenye jina lake, akampa.

"Hawakukataa ardhi ya baba yako," alimwambia. "Niliikataa mimi. Soma."

Alisoma mlangoni, akasoma tena. Mwezi uliofuata bomba lilivutwa. Mfereji uko nje ya zahanati mpaka leo, na nimeuona ukitoka maji.

Kuhusu kosa langu hakusema neno tena, si siku hiyo wala baadaye. Kwa muda nilitamani angesema. Kitu kimoja tu kilibadilika: tangu hapo kila picha iliyotoka katika maabara ile ilitoka na pembe zake zote, hata zile chafu zenye mapovu na alama za vidole, na katika kila karatasi chini ya jina lake akaniamuru niandike langu. Nilidhani ni adhabu. Miaka ilipita kabla sijaona kwamba wateja walikuwa wameanza kuniuliza maswali mimi.

Alipoacha kazi hakufanya sherehe. Siku moja aliniachia funguo, akarudi Bungoma, kwenye nyumba aliyokuwa amejenga polepole nje kidogo ya mji. Tulipigiana simu mara chache. Hakupenda simu, aliikata mara tu alipomaliza yake.

Mara ya mwisho nimemwona ni mwaka huu, baada ya mvua ndefu. Nilikuwa na kazi iliyonisumbua, mwamba kutoka upande wa Endebess ambao namba zake ya chini na ya juu zilikuwa mbali mno, na watu walikuwa wakisubiri jibu. Nikazichapa picha zote, nikazitia ndani ya faili, nikaenda Bungoma. Nilimkuta barazani akipura maharagwe kwa kijiti, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniuliza kama nimekula. Nilisema ndiyo. Akaleta ugali na mboga hata hivyo, tukala, akanisimulia ugomvi wake na jirani juu ya mbuzi.

Nilipoona hataki kuuliza, nikafungua faili, nikaiweka juu ya mapaja yake.

Alipangusa mikono, akaiangalia picha ya kwanza. Sikuweza kujua kama anaona vizuri. Hakufunua ya pili.

"Umeitazama mara ngapi?" aliuliza.

"Nyingi, Madam."

"Basi umeitazama kuliko mimi." Akaifunga, akanirudishia. "Mimi nimeiona mara moja."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilikuwa nimesafiri asubuhi yote. Lakini alikuwa amesharudi kwenye maharagwe, na tuliendelea kupura wote wawili mpaka jua lilipoanza kuegemea.

Alinisindikiza hadi barabarani. Tulimkuta yule jirani wa mbuzi akichimba shimo la choo kwenye kiwanja chake, jembe likigonga mwamba. Ugomvi wao, nadhani, ulikuwa umepoa, kwa sababu alisimama akatusalimu wote kwa heshima. Kisha akatoa kipande cha jiwe shimoni, akamnyooshea Madam.

"Madam, hebu niambie. Hii jiwe itanyonya maji ama choo itajaa?"

Madam hakulipokea.

"Mimi sijui," alisema. "Muulize huyu. Ndiye anayepima mawe Kitale."

Jirani alinigeukia, jiwe mkononi. Nililichukua. Lilikuwa zito, lenye udongo mbichi, na nililigeuza upande huu na huu. Nikamwambia sijui bado, lakini nitaondoka nalo, na nitampigia simu.

Nilipogeuka kumuaga Madam, alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi kwake, akiwafukuza kuku waliokuwa wakielekea kwenye maharagwe.